Maneno ya Mwalimu: kisa cha kuchagua mfumo wa kudhibiti matoleo

Mwezi wa nane mwaka 2023, kwenye kikundi chetu cha kujitolea kinachokusanya maneno ya Kiswahili, tulipoteza maneno ya Mwalimu. Ndivyo tunavyolitaja tukio lile hadi leo. Mwalimu ni mstaafu, anaishi Magomeni, amefundisha Kiswahili sekondari miaka yake yote ya kazi. Alikuwa amekaa wiki tatu na daftari lake akiandika majina ya samaki, ya mitego na ya sehemu za ngalawa kama wavuvi wa Kunduchi wanavyoyasema. Kisha akaenda steshenari ya jirani, akayachapa, akalituma faili kwenye kundi letu la WhatsApp. Usiku uleule kijana wetu mmoja wa Sinza naye akatuma faili lake la masahihisho ya vitenzi. Yote mawili yaliitwa "orodha mpya". Aliyekuwa zamu ya kukusanya akalichukua la pili akidhani ni la kwanza lililorekebishwa. Tulipokuja kushtuka wiki mbili zilikuwa zimepita, steshenari walishasafisha kompyuta yao, na Mwalimu alishalifuta faili kwenye simu ili apate nafasi.

Daftari lilikuwepo. Mwalimu alirudi steshenari akachapa upya, na hakulalamika hata mara moja. Ila maelezo ya matumizi aliyoyaongeza palepale alipokuwa akichapa mara ya kwanza, yale ambayo hayakuwa daftarini, hayakurudi. Aliyekuwa zamu ni mimi. Ndiyo maana naandika kisa hiki, na pia kwa sababu najua vipo vikundi vingi vya kujitolea hapa Dar es Salaam vinavyofanya kazi nzuri juu ya WhatsApp na mafaili ya Word, bila hata nakala ya pili.

Mradi wetu ni orodha huria ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kukagua tahajia. Hunspell, programu iliyoanzishwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari, ndiyo inayokagua tahajia ndani ya programu ya ofisi ya LibreOffice na kivinjari cha Firefox, na inahitaji mafaili mawili tu: moja la maneno, jingine la kanuni za viambishi. Yote mawili ni maandishi matupu, unaweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Kiswahili kinaipa kazi ngumu kwa sababu mzigo wetu mkubwa unakaa mbele ya mzizi. "Hatutawaambia" ni sentensi nzima ndani ya neno moja. Kwa hiyo mradini tuko watu wa aina mbili: wanaojua maneno na wanaojua kuandika kanuni. Wale wa kwanza ndio wengi, ndio ambao bila wao hakuna mradi, na karibu wote hawajawahi kufungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri.

Tulikubaliana mara moja kwamba tunahitaji mfumo wa kudhibiti matoleo, yaani programu inayotunza kila hali ya mafaili tangu siku ya kwanza: nani alibadili nini, lini, na kwa sababu gani. Kukubaliana kulichukua dakika tano. Kuchagua ni upi kulituchukua hadi Januari 2024.

Jibu lililowahi mno

Kikao cha kwanza kilifanyika Mwenge, Jumamosi, nyumbani kwa dada mmoja ambaye kazini kwake anaandika programu za malipo. Vijana walikuja na jibu mkononi: Git, tuiweke kazi GitHub, tumemaliza. Hawakukosea sana, na utaona kwamba tuliishia jirani na hapo. Lakini jibu lao lilikuwa limeshona vitu viwili kuwa kimoja. Git ni programu. Inakaa kwenye kompyuta yako, ni huria, na hakuna wa kukunyang'anya. GitHub ni huduma ya kampuni, iliyoanza mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Git ni kabati lako. GitHub ni nyumba ya mtu ulikoliweka kabati hilo.

Dada mwenyeji ndiye aliyetusimamisha. Aliuliza, "Maneno ya Mwalimu yalipopotea, nakala zilikuwa ngapi?" Tukajibu, moja. "Na historia yake ilikuwa kwa nani?" Haikuwa kwa mtu yeyote. "Basi mnapochagua, ulizeni kwanza historia itakaa kwa nani. Mengine yatafuata."

Swali hilo limeshawaumiza watu wakubwa kuliko sisi. Git yenyewe ilizaliwa humo. Tangu 2002 waandishi wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, mfumo wa kudhibiti matoleo uliokuwa mali ya kampuni, ambao walikuwa wakipewa bure. Mwaka 2005 ukatokea mgogoro, ruhusa ya bure ikaondolewa, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalazimika kuandika mfumo wake mwenyewe. Mwezi wa nne mwaka huohuo Git ikaanza kutunza historia yake yenyewe. Mercurial, mfumo mwingine wa aina hiyo, nayo ilianza mwezi huohuo, kwa sababu hiyohiyo. Nyumba za kuwekea kazi nazo zina habari zao. Google Code ilitangaza mwaka 2015 kwamba inafunga, na Januari 2016 ikafunga. Bitbucket, iliyoanza ikiwa nyumba ya Mercurial, iliacha kuipokea mwaka 2020, na wenye kazi zao mle wakatakiwa kuhama. Mwaka 2019 GitHub ilizibana akaunti za watu wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya sheria za vikwazo za Marekani. Waandishi wa programu wa Tehran waliamka asubuhi mlango umefungwa, wala hawakuwa wamekosa lolote.

Sisemi haya ili mtu aikimbie GitHub. Tunaitumia, na imetusaidia. Nasema ili ieleweke kwa nini kwetu swali la dada lilitangulia swali la "upi una kasi" na "upi una amri nzuri".

Wanne mezani

Mifumo tuliyoilinganisha ilikuwa Git, Subversion, Mercurial na Fossil. Subversion ililetwa na mzee wetu mmoja wa Tabata, aliyewahi kutunza mifumo ya kompyuta ofisini miaka mingi. Vijana walidhani watamsikiliza kwa adabu tu kisha waendelee. Hoja zake ziliwakalisha.

Alisema hivi: Subversion, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Februari 2004 na ambayo sasa iko chini ya shirika la Apache, inakuletea hali ya leo ya mafaili bila kukubebesha historia yote. Unaweza kuchukua folda moja tu na kuziacha nyingine. Matoleo yake yana namba za kawaida, 1, 2, 3, kwa hiyo mtu anampigia mwenzake simu na kumwambia "fungua la 214", wakati Git inaipa kila hatua, yaani kila badiliko lililorekodiwa, jina la herufi na tarakimu 40. Halafu akaja na hoja iliyonigusa mimi hasa: mtandao ukikatika katikati ya kupakua, Subversion inaendelea ilipoishia.

Tulimwomba aonyeshe. Tulitumia intaneti ya simu yake, na kazi kubwa kiasi ya watu wengine ambayo iko wazi kwa umma. Alianza kupakua, kisha katikati akazima data kwa makusudi. Subversion ikalalamika, akawasha data, akaiamuru isafishe, akaiamuru iendelee, ikaendelea. Tukafanya vivyo hivyo kwa Git. Ilipokatika, Git ilifuta folda yote iliyokuwa imeanza kuitengeneza. Tulipowasha data, tulianza sifuri. Mzee hakusema neno, alituangalia tu. Kwa mtu wa Mbagala anayenunua bando la siku, hiyo ni pesa iliyomwagika chini, na kesho hatajaribu tena.

Pamoja na hayo, Subversion ilishindwa, na ilishindwa kwa swali la dada. Historia yake inakaa kwenye seva moja. Bila seva huwezi kurekodi hatua, huwezi hata kusoma hatua za nyuma. Nani angeilipia seva hiyo, na akihama au akiugua ingekuwaje? Kulikuwa na jingine zito zaidi: ili mtu arekodi kazi yake lazima kwanza apewe ruhusa na sisi. Asiye na ruhusa anaweza kusoma na kubadili mafaili nyumbani kwake, lakini hatua zake hazina pa kuandikwa mpaka mwenye ufunguo azipokee. Mradi wa ofisi unaweza kuishi hivyo, kwa sababu wafanyakazi wanajulikana. Sisi tunamngoja mtu tusiyemjua, binti wa kidato cha nne au baba wa Pemba anayejua majina ya mikarafuu, aje na kazi yake mkononi. Katika Git, Mercurial na Fossil mtu huyo anachukua nakala kamili, anafanya kazi mwezi mzima na historia yake, kisha ndipo anatubishia hodi.

Mercurial niliipenda kuliko zote, na bado naipenda. Amri zake ni chache na zinasema zinachofanya. Ni vigumu kujiumiza nayo. Lakini kwa swali la wapi pa kuiweka, milango ilikuwa ikifungwa mmoja mmoja. Mradi wa Python, lugha ya kuandikia programu, uliitumia tangu 2011, ukahamia Git na GitHub mwaka 2017. Mwishoni mwa 2023, tukiwa katikati ya mazungumzo yetu, Mozilla, wenye Firefox, nao walitangaza kwamba Firefox inahamia Git. Tukaiweka pembeni.

Fossil ndiyo iliyotuchelewesha, na kwa haki. Iliandikwa na Richard Hipp, mwandishi wa programu ya hifadhidata ya SQLite, na SQLite yenyewe inatunzwa humo. Ni programu moja, huisakinishi, unainakili tu. Kazi yako yote ni faili moja, ambalo ndani yake ni hifadhidata ya SQLite: mna historia, mna tikiti za hitilafu (yaani kurasa za matatizo yaliyoripotiwa) na mijadala, mna kurasa za maelezo, na vyote vinasomeka bila intaneti. Faili moja kwenye fleshi, basi umebeba mradi mzima pamoja na maneno tuliyobishania. Mzee wa Tabata alihamia upande wake mara alipoielewa.

Kilichotuzuia ni watu. Fossil imejengwa kwa kikundi kidogo cha watu wanaojuana na kuaminiana, kama kile cha SQLite, ambacho msimbo wake uko wazi kwa kila mtu ila michango ya nje hakiipokei kwa kawaida. Sisi tulitaka kinyume chake. Na ipo sababu nyingine ambayo sioni haya kuitaja. Kijana wa Sinza au wa Ubungo anayetuandikia kanuni za viambishi usiku hapati hata shilingi. Anapokwenda kwenye usaili anataka kufungua ukurasa na kuonyesha: hii ndiyo kazi yangu, hizi ndizo tarehe. Waajiri wanaijua Git. Kumwambia ajitolee kwa mfumo ambao hautamsaidia popote pengine ni kumwomba atoe mara mbili.

Kwa hiyo tulichagua Git, tukaandika masharti ya uchaguzi huo kwenye karatasi. Nyumba kuu iwe GitHub. Nakala kamili iende pia GitLab, huduma nyingine ya aina hiyo, kila usiku, na nyingine kwenye diski ya nje kwa mzee wa Tabata. Na kwa ajili ya yule mtu wa bando la siku, kila mwanzo wa mwezi mzee anafunga historia yote kuwa faili moja kwa amri ya `git bundle`. Faili hilo linawekwa mahali pa wazi kama faili lolote la kupakuliwa, na faili la kawaida likikatika katikati linaendelea lilipoishia. Ukishalipata, Git inalisoma kana kwamba ni seva, kisha unaongezea mabadiliko machache ya siku za karibuni. Udhaifu aliotuonyesha yeye ndio alioupatia dawa.

Mstari wa kwanza

Tulidhani kazi ngumu imekwisha. Wiki mbili za mwanzo nusura zituvunje moyo, na shida haikuwa Git.

Katika faili la maneno la Hunspell, mstari wa kwanza kabisa si neno. Ni idadi ya maneno yaliyomo. Chukua kwamba mstari huo unasomeka 18342. Kijana wa Sinza anaongeza maneno matano, anaandika 18347. Usiku huohuo dada wa Mwenge anaongeza matatu, anaandika 18345. Maneno yao hayagusani hata kidogo, ya mmoja ni ya herufi B na ya mwingine ni ya herufi W. Lakini wote wawili wamebadili mstari uleule, na Git haiwezi kujua nani yuko sahihi. Inasimama, inaandika ndani ya faili alama saba za mshale, namba ya kwanza, alama saba za usawa, namba ya pili, alama saba za mshale tena, na kumwachia binadamu. Na jibu sahihi ni 18350, namba ambayo hakuna kati yao aliyeiandika.

Jambo hili lilitokea kila siku. Kila aliyeongeza neno moja aligongana na kila mwingine. Mmoja wetu alichoka, akayapitisha mafaili na zile alama zake ndani, na kwa siku mbili orodha ya maneno ya Kiswahili ilikuwa na mistari ya mishale. Watu wa maneno, ambao tulikuwa tumewaahidi kwamba mfumo mpya utawapunguzia shida, wakaanza kurudi WhatsApp.

Subversion ingegoma mstari uleule. Mercurial ingegoma, Fossil ingegoma. Tulikuwa tumetumia miezi mitano kuchagua mfumo, na hatukutumia hata saa moja kuangalia umbo la kitu tunachokwenda kukiweka ndani ya mfumo huo. Nikisoma makala za watu wanaolinganisha mifumo hii, sehemu hii karibu kila mara haimo, na ndiyo iliyotugharimu zaidi.

Dawa ilikuwa kuacha kulitunza faili la Hunspell. Sasa tunatunza mafaili madogo ya maandishi, moja kwa kila nyanja: uvuvi, shule, jikoni, ujenzi, mahakama, na mengineyo, neno moja kwa mstari, bila idadi popote. Programu fupi inayaunganisha, inayapanga, inaondoa yanayojirudia, inahesabu, na kutoa faili la Hunspell likiwa limekamilika. Idadi ni matokeo, haiandikwi na mtu. Pia tuliiambia Git, kwa faili la mipangilio liitwalo `.gitattributes`, kwamba mafaili haya yakigongana ichukue mistari ya pande zote mbili bila kuuliza, kwa kuwa kurudiwa kwa neno hakuna madhara. Migongano ikaisha karibu yote.

Zikabaki shida mbili ndogo zilizotuchosha. Kompyuta za steshenari zina Windows, na Windows inamaliza mstari kwa alama mbili ambapo Linux inamaliza kwa moja. Mtu alisahihisha neno moja, Git ikaonyesha faili zima limebadilika. Hilo nalo linarekebishwa kwa mstari mmoja kwenye `.gitattributes`. Ya pili ni ya kwetu hasa: alama ya ng'. Ukiandika ng'ombe kwenye Word, Word inaigeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi tofauti, kwa hiyo orodha yetu ilikuwa na ng'ombe wawili, na ng'oa mbili, na ng'ara mbili, na aliyechapa kwa simu aliambiwa amekosea neno ambalo liko sahihi mbele ya macho yake. Programu yetu sasa inazinyoosha alama zote kabla ya kuunganisha, na inamwonya anayeleta iliyopinda.

Jumapili ya tarehe 12 Mei

Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, kuelekea Afrika Kusini. Afrika Mashariki iliyumba, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioumia sana. Mwenye kumbukumbu ya wiki ile anajua: kurasa hazifunguki, malipo yanakwama, WhatsApp inapeleka ujumbe leo unafika kesho.

Hatukuwa tumepanga kupima uchaguzi wetu namna hiyo. Kila mmoja wetu aliendelea kufanya kazi. Kila mtu alikuwa na historia yote kwenye kompyuta yake, alirekodi hatua zake, alilinganisha na za miezi ya nyuma, alirudisha alichokosea, yote bila kuiona GitHub. Jumatano kijana wetu wa Kigamboni alifunga mabadiliko yake kuwa faili, akalitia kwenye fleshi, akavuka na pantoni, akamkuta dada wa Mwenge pale Posta wakati wa chakula cha mchana. Dada akayapokea mabadiliko kutoka kwenye fleshi kama ambavyo angeyapokea kutoka kwenye seva: kila hatua na jina lake, na saa yake, na sababu yake. Jioni naye akafunga ya kwake na ya yule kijana, yakafika Tabata. Mtandao uliporudi vizuri tulisukuma vyote kwa mpigo, na hakuna hata neno moja lililokuwa limepotea.

Kilichokwama kilikuwa kingine. Tulikuwa na mjadala mrefu kuhusu "mwendokasi". Wakazi wa jiji hili wanaliandika pamoja kwa maana ya yale mabasi ya Kimara na Gerezani, na wako wanaoshikilia kwamba "mwendo kasi" ni maneno mawili na yabaki hivyo. Tulishafikia uamuzi wenye sababu: yote mawili yaingie, kila moja na maelezo yake. Lakini mjadala na uamuzi vilikuwa kwenye ukurasa wa tikiti za GitHub, na tikiti za GitHub hazimo ndani ya Git. Hazisafiri na nakala yako. Wiki ile mgeni wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliliondoa "mwendokasi" kwa kuamini ni kosa la tahajia, na aliyepitia kazi yake hakuwa na namna ya kumwonyesha tulichokubaliana.

Hapo nilimkumbuka mzee na Fossil yake. Alikuwa ameliona jambo hilo tangu mwanzo: tulikuwa tumeilinda historia ya maneno na kuiacha historia ya sababu kwenye nyumba ya mtu. Hatukuhama mfumo. Tulianzisha folda iitwayo "maamuzi" ndani ya mradi, na kila mjadala unaofika mwisho unaandikiwa faili fupi la maandishi: neno, hoja za pande zote, uamuzi, tarehe. Watu bado wanabishana GitHub, ni rahisi kwa simu. Ila uamuzi hauhesabiwi mpaka uwe kwenye folda.

Nani alileta neno

Miezi michache baadaye tulipata mchango mkubwa kutoka kwa mtu tusiyemfahamu, maneno mamia kwa mkupuo mmoja. Tuliupokea kwa furaha. Baadaye mmoja wetu aliona kwamba maelezo yake yanafanana, koma kwa koma, na ya kamusi moja iliyochapishwa na yenye hakimiliki. Neno la Kiswahili si mali ya mtu, lakini maelezo ya mwandishi wa kamusi yanalindwa, na nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Mradi huria unaobeba kazi ya mtu bila ruhusa unawatia hatarini wote wanaoutumia. Kwa kuwa kila mstari ulikuwa na kumbukumbu ya aliyeuleta na siku aliyouleta, tuliitoa michango yake yote jioni moja, na mistari ya wengine haikuguswa. Kwenye WhatsApp tungelazimika kuitupa orodha nzima.

Kumbukumbu hiyo ina upande wake wa pili. Git inaandika jina na anwani ya barua pepe ya kila mtu kwenye kila hatua, na ikishasambaa haifutiki. Mwalimu alituomba anwani yake isionekane hadharani. Tulimpangia anwani ya kuficha ambayo GitHub inaitoa, na sasa tunamuuliza kila mgeni kabla hajarekodi hatua yake ya kwanza.

Mwalimu mwenyewe hajifunzi amri, na hatumlazimishi. Anachapa, anampa dada fleshi. Git inatofautisha aliyeandika kazi na aliyeirekodi, kwa hiyo dada anarekodi na jina la Mwalimu linabaki kuwa la mwandishi. Mwezi wa sita tulikwenda kumtembelea Magomeni na kompyuta. Baada ya shikamoo na chai tulimfungulia faili la uvuvi, kila mstari na jina la aliyeuleta pembeni: changu, kolekole, dema, jarife, foromali. Alivaa miwani, akasoma kimya, mstari baada ya mstari, kidole kikishuka kwenye kioo. Kisha kidole kikasimama.

"Hili 'rengu' mmeniandika mimi. Sikulileta mimi, mimi nilileta 'ndubi'."

Tukaangalia ujumbe wa hatua ile. Kweli, "rengu" lilitoka kwa kijana wa Kigamboni, na lilichanganywa kwenye fleshi ya Mwalimu wakati wa kurekodi. Kubadili jina kwenye hatua ya zamani kungebadilisha utambulisho wa kila hatua iliyofuata, kwenye kompyuta ya kila mtu. Tukaliondoa neno palepale mezani, tukalirudisha kwa jina la mwenyewe, na kwenye folda ya maamuzi tukaandika sababu.